Kutoka MiG-21 hadi Sukhoi: Mpaka wa Mpondwe umepata nini?

MFANYABIASHARA wa samaki wakavu anayevuka mto Lhubiriha kutoka Mpondwe kwenda Kasindi siku ya soko hana haja ya kujua tofauti kati ya MiG-21 na Sukhoi Su-30. Zote ni ndege za kivita, zote ni za Kirusi, na zote hupita juu sana, mahali ambapo jicho lililozoea kuangalia mizani na noti za faranga halifiki. Lakini amezilipia. Kila gunia la chumvi ya Katwe lililotozwa ushuru, kila katoni ya sabuni, kila lita ya dizeli iliyonunuliwa Kasese mjini imechangia kitu. Na tangu Novemba 2021 jeshi lililonunua ndege hizo linapigana upande ule ule anakopeleka mali yake.

Mambo ya silaha katika nchi zetu huzungumzwa kwa namna mbili tu. Ama ni fahari, siku ya gwaride, ndege zikipita na watoto wakishangilia. Ama ni lawama, siku Bunge linapogundua kuwa fedha zimekwisha kutoka. Kwa watu wa Bwera, Karambi, Kisinga na Katwe-Kabatoro, na kwa wale waliokimbia vita vya miaka ya 1990 na baadaye wakarudi kulima tena mashamba yao, swali ni la tatu na ni gumu kidogo: je, silaha hii mpya imeondoa hatari mlangoni, au imeihamisha tu?

Tuanze na ile ya zamani. MiG-21 iliruka kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1950, wakati Wasovieti walipokuwa wanahofia ndege za Marekani zenye kubeba mabomu ya nyuklia. Kazi yake ilikuwa moja: kupanda juu upesi, kumfikia adui, kurusha kombora na kurudi chini. Ilikuwa rahisi kuunda na rahisi kutunza, na ndiyo sababu zaidi ya 11,000 ziliundwa, idadi ambayo hakuna ndege nyingine ya kivita yenye kasi kuliko sauti iliyowahi kuifikia. India, iliyoanza kuzitumia mwaka 1963, iliziaga rasmi Septemba 26, 2025. Miaka 62 kazini! Hata mabasi yetu ya zamani hayafiki huko.

Uganda ilikuwa nazo tangu enzi za Idi Amin. Usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, makomandoo wa Israel walipokuja Entebbe kuwachukua mateka, waliziteketeza ndege za MiG walizozikuta zimeegeshwa uwanjani ili zisiwafukuze wakati wa kuondoka. Mwishoni mwa mwaka 1978 ndege za Amin zilidondosha mabomu Bukoba, na miezi michache baadaye utawala wenyewe ukaanguka, pamoja na kile kilichobaki cha jeshi lake la anga.

Serikali ya Rais Yoweri Museveni ilizirudia ndege hizo hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilinunua MiG-21 chache zilizotumika kutoka Poland, kisha zikafanyiwa ukarabati na Waisrael. Ndiyo, Waisrael. Waliozichoma za kwanza ndio waliozing'arisha za pili. Katika biashara ya silaha hakuna kinyongo, kuna ankara tu.

Wakati huo huo, mwaka 1998, nchi iliingia katika kashfa ya helikopta za Mi-24 zilizonunuliwa kutoka Belarus, ambazo zilipofika zilionekana kuwa hazifai kuruka. Tume iliyoongozwa na Jaji Julia Sebutinde ilichunguza suala hilo, na majina makubwa yakatajwa hadharani. Nalitaja hapa kwa sababu mwaka huo wa 1998 ndio mwaka ambao watu wa Rwenzori walizihitaji kweli kweli helikopta hizo. Juni 8, 1998 waasi wa ADF walivamia Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakawachoma moto wanafunzi wakiwa ndani ya mabweni. Themanini waliuawa. Vita vilikuwa milimani, fedha zikawa zimekwenda kwenye mabati.

Waliosukuma ADF kutoka katika Milima ya Rwenzori, kuanzia 1999 hadi 2001, hawakuwa marubani. Walikuwa askari wa miguu waliopanda mlima wakiwa na bunduki ya AK-47, ile ambayo huku kwetu kila mtu anaiita SMG, na mgongoni posho ya siku chache. Mlima wenye kilele cha mita 5,109, uliofunikwa na mawingu karibu mwaka mzima, si mahali pa MiG-21. Rubani wake yuko peke yake, anaona mbele kupitia kioo chembamba, na mafuta yake yanahesabika kwa dakika. Angefika Kasese kutoka Entebbe, mwendo wa kilomita kama 300 angani, lakini asingeweza kukaa. Angezunguka mara chache, asione kitu, arudi.

Sukhoi zafika Entebbe

Mabadiliko yalikuja mwaka 2011. Mapema mwaka huo ilifahamika kuwa takriban dola za Marekani milioni 740 zilikuwa zimechotwa katika akiba ya fedha za kigeni ya Benki Kuu ya Uganda ili kununua ndege sita za Su-30MK2 na vifaa vingine vya kijeshi kutoka Urusi. Bunge liliombwa kuidhinisha baada ya fedha kutoka. Ndege mbili za kwanza zilitua Entebbe Julai 2011 na zilizobaki zikakamilika mwaka 2012. Serikali ilieleza kuwa nchi iliyogundua mafuta katika Ziwa Albert haiwezi kukaa bila ulinzi wa anga. Upinzani ulisema shilingi ilikuwa inaporomoka, bei ya sukari na dizeli inapanda, na Serikali inanunua ndege.

Wengi walidhani, na hadi leo wanadhani, kwamba ndege mpya maana yake ni ndege yenye mbio zaidi. Sivyo. Kwa mbio MiG-21 na Su-30 zinakaribiana sana. Zote mbili hufikia kasi kama mara mbili ya sauti. Tofauti iko kwingine, na mfanyabiashara ataielewa kuliko mwanasiasa, kwa sababu ni tofauti kati ya bodaboda na lori la Fuso. Su-30 ina injini mbili na viti viwili: mmoja anaendesha, mwingine anashughulika na rada na silaha. Mafuta yaliyomo ndani ya matangi yake yanazidi tani 9, uzito unaokaribia ule wa MiG-21 nzima ikiwa imeshapakiwa. Hubeba silaha za hadi tani 8. Na inaweza kwenda kilomita 3,000 bila kujazwa mafuta angani. Maana yake ni kwamba inatoka Entebbe, inafika juu ya msitu wa Beni, inakaa, inazunguka, inasubiri kuambiwa, inapiga, na inarudi na akiba.

Kwa lugha fupi, ndege ya kwanza ilikuwa ya kulinda anga la nyumbani. Ya pili inaweza kwenda kupigana kwa jirani. Hilo ndilo lililobadilika, na hilo ndilo watu wa mpakani walipaswa kuelezwa mwaka 2011 badala ya kuambiwa habari za mafuta ya Ziwa Albert peke yake.

Kazi yenyewe ilionekana wazi Desemba 2017. Mwanzoni mwa mwezi huo ADF walishambulia kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa eneo la Semuliki, Kivu Kaskazini, na kuua askari wa Tanzania wasiopungua 14. Kabla ya Krismasi jeshi la Uganda, UPDF, likatangaza kuwa limepiga kambi za waasi ndani ya Kongo kwa ndege na mizinga ya masafa marefu, bila askari wa miguu kuvuka. Lilisema zaidi ya waasi 100 wameuawa. Hesabu hiyo ilikuwa ya jeshi lenyewe.

Kisha ikaja Novemba 16, 2021, siku ya milipuko ya Kampala karibu na kituo kikuu cha polisi na Bunge. Wiki mbili baadaye, Novemba 30, ilianza Operesheni Shujaa, ya pamoja na jeshi la Kongo, FARDC. Siku ya kwanza ilikuwa ya ndege na mizinga: kambi za Kambi ya Yua, Tondoli na Belu zilitajwa. Baada ya hapo askari wa miguu na magari ya deraya waliingia.

Kwa haki, operesheni hiyo imefanya ambalo halikuwa limefanyika kwa miaka ishirini. Kambi kubwa za ADF kaskazini mwa Beni, zenye mashamba, zahanati na mahakama zao, zilivunjwa. Zilikuwa zimekaa pale tangu waasi walipofukuzwa Rwenzori, na kiongozi wao wa kwanza, Jamil Mukulu, aliendesha mambo yake hadi alipokamatwa Tanzania mwaka 2015. Chini ya Musa Baluku kundi likajiunga na Dola ya Kiislamu. Mtu anayesema ndege hazikufanya kitu hasemi kweli.

Kambi ikivunjwa, watu wanakwenda wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili. Ndege ya tani 30 yenye mabomu ya tani 8 inahitaji kitu kikubwa cha kupiga. Kambi ya watu mia tatu yenye nyumba na njia zilizokanyagwa ni shabaha. Watu kumi wanaotembea usiku chini ya miti mirefu ya Ituri, bila moto, bila simu, si shabaha. Rada ya Sukhoi iliundwa kuona ndege na meli na magari; haiwezi kumtofautisha mwasi na mkulima wa kakao anayerudi nyumbani. Kwa hiyo kadiri silaha mpya ilivyofanikiwa, ndivyo ilivyomfundisha adui kuacha kuwa shabaha. ADF waligawanyika vikundi vidogo. Baadhi walikwenda magharibi, Mambasa na Irumu. Wengine walishuka kusini, Lubero. Wengine walirudi mashariki, walikotoka.

Desemba 2022 kikundi kilivuka mto Semliki na kuingia Ntoroko. Jeshi lilikiwahi.

Juni 16, 2023 halikuwahi. Usiku wa Ijumaa hiyo waasi waliingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, umbali usiofika hata kilomita mbili kutoka mpakani. Bweni la wavulana lilichomwa moto, wasichana wakakatwa mapanga. Watu 42 walikufa, wengi wao wanafunzi, na wengine wakachukuliwa mateka kubebeshwa chakula kilichoporwa dukani, kuelekea hifadhi ya Virunga. Wavamizi walikuwa wachache mno. Makamanda walieleza baadaye kuwa watu hao walikuwa wamekwisha kuwa upande wa Uganda kwa siku kadhaa kabla ya kushambulia.

Tarehe hiyo ina uchungu mwingine kwa wafanyabiashara. Juni 16, 2021, miaka miwili kamili kabla yake, Rais Museveni na Rais Félix Tshisekedi walikutana hapo hapo Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara ambazo Uganda ilikubali kusaidia kujenga ndani ya Kongo: Kasindi hadi Beni, Beni hadi Butembo, na Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru, jumla kilomita 223. Watu walipiga makofi. Walijua maana ya kutoka Kasindi na shehena wakati wa mvua.

Oktoba 17 mwaka ule ule wa 2023 watalii wawili na Mganda aliyekuwa akiwaongoza waliuawa ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, ile ambayo Katwe imo ndani ya mipaka yake ya kila siku, maana mchimba chumvi na tembo wanatumia njia moja. Gari lao likachomwa. Hapakuwa na kambi. Hapakuwa na kitu ambacho rubani angeweza kukiona hata angekuwa juu ya Kasese saa ile ile.

Ninachosema si kwamba Sukhoi ndizo zilizoleta mauaji ya Lhubiriha. Wauaji walileta panga lao wenyewe. Ninachosema ni kwamba aliyepanga kupiga kambi kwa ndege alipaswa siku hiyo hiyo kupanga nani atakaa kwenye vivuko vya mto, nani atalala karibu na shule, na mwanakijiji akiona wageni atampigia nani simu na ataaminiwa. Kazi hiyo ya pili haina gwaride. Inafanywa na askari mwenye SMG, bunduki iliyoingia kazini katika jeshi la Kisovieti mwaka 1949 na ambayo hakuna aliyefanikiwa kuiondoa. Vikosi maalumu vya UPDF vina bunduki za kisasa za Israel, watu wanaziona mikononi mwa walinzi wa viongozi. Lakini anayesimama saa nane za usiku kwenye matope ya Lhubiriha ana ile ile aliyokuwa nayo baba yake. Na mbaya zaidi, adui naye anayo.

Kwa bunduki hiyo moja kati ya hizo mbili, tofauti haiwi chuma. Tofauti ni nani amekula, nani amelipwa mshahara kwa wakati, nani ana viatu, nani ana redio inayofanya kazi, na nani anajulikana kwa jina katika kijiji anacholinda. Askari wa akiba wa LDU, ambao wengi wao ni vijana wa hapa hapa, wangetendewa hayo kwa sehemu ndogo sana ya dola milioni 740.

Wapo watakaosema kuwa hapa mwandishi anachanganya mambo, kwamba ndege ni ya vita na LDU ni wa ulinzi wa kijiji. Katika ramani za makao makuu labda. Huku mpakani mstari huo haupo.

Tena wenyeji wa Kasese wanayo sababu nyingine ya kuiangalia silaha ya Serikali kwa jicho la tahadhari. Novemba 26 na 27, 2016, katika mapambano yaliyoishia kwenye ikulu ya Omusinga wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere, zaidi ya watu 100 waliuawa, wengi wao wakiwa ndani ya uzio wa ikulu. Mfalme alikaa gerezani, kisha akazuiwa kurudi nyumbani, hadi mashitaka yalipofutwa mwaka 2023 na akarejea Kasese Oktoba mwaka huo. Mwanakijiji anayetakiwa kutoa habari kwa askari anakumbuka hayo. Hakuna ndege inayoweza kununua habari ambazo mtu anaogopa kuzitoa.

Ankara inayorudi

Kwa mfanyabiashara silaha ina bei ya kununulia na bei ya kukaa nayo. Hii ya pili ndiyo inayosahaulika. Ndege sita na vifaa vilivyoambatana nazo ziligharimu zaidi ya mara mbili ya fedha zilizotajwa kwa barabara zote tatu za Kongo. Lakini barabara ikishajengwa inahitaji mifereji na kifusi. Su-30 inahitaji vipuri, matairi, mafundi, mafunzo ya marubani, na injini ambazo baada ya saa kadhaa za kuruka lazima zifunguliwe na kukarabatiwa kiwandani. Viwanda hivyo viko Urusi, na tangu Februari 2022 Urusi iko vitani Ukraine. Vipuri vya Sukhoi vinahitajika kwanza na wenyewe. Vikwazo vya nchi za Magharibi vimeifanya hata njia ya kulipia kuwa ndefu. Mwenye gari la Kijapani pale Kasese ambaye amewahi kusubiri kipuri kutoka Dubai anaelewa.

Na mitambo ikichoka huua wenyewe. Agosti 12, 2012 helikopta tatu za Mi-24 za Uganda zilizokuwa zikielekea Somalia zilianguka katika Mlima Kenya. Julai 2, 2025 nyingine ya aina hiyo iliwaka moto ikitua uwanja wa Mogadishu. Mi-24 ni muundo wa mwishoni mwa miaka ya 1960. Jeshi limeanza kupata helikopta za Mi-28, na huenda kwa vita vya msituni na milimani hizo zina manufaa zaidi kwa mtu wa Bwera kuliko Sukhoi, kwa vile zinaweza kuruka taratibu, chini, na kuwasaidia askari walio mbele ya macho yake. Ningependa kuona hesabu zake zikiwekwa mezani kabla ya fedha kutoka, isiwe kama 2011.

Ipo pia ankara ya mahakamani. Februari 9, 2022, miezi miwili na siku kadhaa tu tangu Operesheni Shujaa ianze, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu uliofanywa na jeshi lake katika vita vya 1998 hadi 2003: watu waliouawa, mali iliyoharibiwa, dhahabu, mbao na rasilimali nyingine zilizochukuliwa. Fedha hizo zililipwa kwa mafungu ya dola milioni 65 kwa mwaka kuanzia Septemba 2022. Kwa hiyo katika kipindi kimoja Uganda ilikuwa inalipia vita vya zamani ndani ya Kongo na wakati huo huo kupigana vipya, safari hii kwa mwaliko wa Kinshasa. Mwaliko ni jambo kubwa, linabadilisha sheria yote. Lakini bomu lililokosea shabaha halisomi barua ya mwaliko, na familia ya Beni itakayodai miaka ishirini ijayo itadai kwa yule yule aliyelirusha.

Hili linawahusu sana watu waliorejea. Mpondwe hakuna ukoo usio na ndugu upande wa pili. Mkonjo wa Bwera na Mnande wa Beni wanaelewana kwa lugha, wanaoana, wanazikana. Aliyekimbilia Kongo mwaka 1996, ADF walipovamia Mpondwe mwezi Novemba, alipokelewa kule. Aliyekimbia Beni baada ya 2014, mauaji ya raia yalipozidi, alipokelewa huku. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kambi imepigwa huko Kongo, hafurahi kabla hajajua ni karibu na kijiji gani.

Biashara nayo ina hesabu zake. Upande wa Beni na Kasindi barabara imesaidiwa sana na uwepo wa majeshi. Lori linalotembea mchana kwa msafara lina nafasi kubwa ya kufika kuliko ilivyokuwa kabla ya 2021. Lakini kusini mambo yamekwenda vingine. Kipande cha Bunagana kiliangukia mikononi mwa M23 Juni 2022, na Goma yenyewe ikatekwa Januari 2025. Na huko walikokimbilia ADF damu haijakauka. Julai 27, 2025 waumini zaidi ya 30 waliuawa kanisani Komanda, Ituri. Septemba mwaka huo watu zaidi ya 60 waliuawa Ntoyo, wilaya ya Lubero, wakiwa matangani. Lubero ndiyo njia ya anayenunua kahawa na viazi vya Butembo. Hatari imesogea kutoka kaskazini mwa njia ya biashara hadi magharibi mwake na kusini mwake.

Hapa Katwe mambo ya silaha mpya si mageni. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard alifika ziwani na bunduki ya Maxim, iliyochakaa tayari maana ilikuwa imekwisha kuvuka Afrika na Stanley, akawaondoa watu wa Kabalega wa Bunyoro waliokuwa wakishika chumvi, akajenga ngome akaiita Fort George. Kisha akaendelea na safari yake. Ngome ilibaki na Wasudani wachache, na ulinzi wa chumvi ukawa suala la nani anakaa pale na anakula nini.

Bajeti ya Uganda husomwa kila Juni, na sehemu kubwa ya fedha za ununuzi wa silaha huwekwa katika fungu la siri ambalo wabunge wachache tu huruhusiwa kuliona. Aina ya kombora na uwezo wa rada vinaweza kubaki siri, hakuna mkulima wa Nakiyumbu anayevihitaji. Lakini idadi ya shule za mpakani zenye ulinzi wa usiku si siri ya kijeshi. Adui anaijua kwa kupita tu. Muda unaopita kati ya simu ya mwenyekiti wa LC1 na kufika kwa askari si siri pia. Lhubiriha kambi ya jeshi haikuwa mbali sana, na watu walikuwa wamekwisha kufa msaada ulipofika. Wabunge wa Kasese wana haki ya kuuliza maswali hayo mawili kwa sauti, na kudai majibu kwa tarakimu, kabla ya kunyoosha mkono kupitisha fungu jingine la ndege.